Mwalimu Asiyejua Somo Lake



Je, ni haki mtu akubali kufundisha jambo asilolijua? Swali hili lilinisumbua miaka mingi nikiwa darasani. Nilipostaafu nikasoma habari za mtu mmoja aliyekutana nalo, Nikolai Rimsky-Korsakov, mtunzi wa muziki wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1844 katika mji wa Tikhvin.

Mtu huyu hakuandaliwa kuwa mwanamuziki. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na tangu mwaka 1862 alikaa baharini karibu miaka mitatu, akafika London, New York na hata Rio de Janeiro. Mwaka 1865 simfonia yake ya kwanza ilipigwa mjini St Petersburg. Watu walishangilia, kisha wakastaajabu kuona mtunzi ni kijana aliyevaa sare za kijeshi. Alitunga kwa sikio na kipaji, kama wanakwaya wengi tunaowafahamu.

Mwaka 1871, akiwa na miaka 27, Chuo cha Muziki cha St Petersburg kikamwita awe profesa. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa baada ya kufa kwake, anakiri waziwazi hali yake ya wakati ule. Hakuweza kuupanga wimbo wa kanisa katika sauti nne. Hakuwahi kufanya hata zoezi moja la kuoanisha sauti mbili ambazo kila moja yaenda njia yake. Majina ya mapatano ya sauti hakuyajua sawasawa. Rafiki zake wakamsukuma akubali. Balakirev, kiongozi wao, aliujua upungufu huo, lakini alitaka mtu wa upande wao aingie katika chuo walichokipinga. Mara nyingi wanaotusukuma kukalia kiti wana haja yao na kiti hicho.

Akakubali, na akaficha. Mwanzoni alijikaza, akazungumza mambo ya jumla, na wanafunzi hawakutambua kitu. Anasema kwamba walipofika mahali pa kuweza kumgundua, yeye naye alikuwa amekwisha jifunza.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tunaijua hila hiyo. Nilipokuwa kijana nilipewa darasa la hesabu lililozidi elimu yangu. Kila jioni nilisoma kurasa mbili za mbele kwa taa ya mafuta, na asubuhi nikasimama ubaoni kama bingwa. Siku moja mtoto akauliza jambo lililokuwa ukurasa wa tatu. Nikamwambia aketi, aache ubishi. Mtoto yule hakuwa mbishi hata kidogo, nami nilijua.

Wako wasemao kwamba si neno, mradi mwalimu ametangulia hatua moja. Mimi sikubali. Kutojua si kosa, lakini anayeficha kutojua kwake hufika siku akalazimika kumnyamazisha mwenye swali, na hasara humwangukia asiyekuwa na hatia.

Hata hivyo, tazameni alivyofanya Rimsky-Korsakov baada ya hapo. Alikuwa mtunzi mwenye jina, lakini alirudi akaketi na vitabu vya wanaoanza, akafanya mazoezi yao moja baada ya moja, miaka kadhaa. Mwaka 1875 aliandika fuga kwa makumi, yaani ule utunzi ambao sauti moja hutangulia na wimbo na nyingine huufuata. Baadhi ya rafiki zake waliona anaua kipaji chake kwa ukavu. Tchaikovsky, aliyesoma chuoni kwa utaratibu na wakati huo akifundisha Moscow, alimsifu kwa unyenyekevu ule. Tena alipowekwa kuwa mkaguzi wa bendi za jeshi la majini, mwaka 1873, alichukua klarineti, filimbi na trombone, akajifunza kuzipiga mwenyewe asije akakagua asichokijua. Baadaye akaandika kitabu cha kufundishia mapatano ya sauti, somo lile lile lililomshinda. Husema kwamba, kwa wingi wa aliyoyapata, huenda yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora wa chuo kile.

Je, deni lilikwisha? Kwangu mimi alililipa kwa watu wengine. Wale wa mwaka wa kwanza walikuwa wamekwisha kwenda zao, wakiwa na kile kidogo alichowapa, na hakuna fuga iliyoweza kuwarudisha.

Mwaka 1905, wakati wa machafuko nchini Urusi, wanafunzi wa chuo waligoma, na zaidi ya mia moja walifukuzwa. Yeye, mzee wa miaka 61, aliandika gazetini kuwatetea, naye akaachishwa kazi. Glazunov na Lyadov, waliokuwa wanafunzi wake na sasa walimu, walijiuzulu kwa ajili yake. Huyu Lyadov zamani aliwahi kuondolewa chuoni kwa utoro wa darasa lake. Mwishoni mwa mwaka ule Glazunov akawa mkuu wa chuo, na mzee akarudi kufundisha, hata alipofariki mwaka 1908.