Siagi, Mfungo na Biskuti za Noeli

Biskuti za siagi za kukamuliwa, ambazo Wajerumani huziita Spritzgebäck, zinahitaji vitu vichache: unga wa ngano, siagi, sukari, yai na vanila kidogo. Kinyunya chake hakisukumwi. Hupitishwa kwenye bomba lenye kisahani kilichotobolewa umbo la nyota, au, katika nyumba nyingi za Ujerumani, kwenye mashine ya kusagia nyama iliyofungwa kibao cha aina hiyo. Hutoka utepe wenye mifuo, ukakatwa vipande na kukunjwa kuwa pete au herufi S. Siagi ikiwa ngumu, kinyunya hakipiti. Ikiyeyuka mno, mifuo hupotea ndani ya joko na biskuti hutandaa. Kazi hii hufanyika katika wiki za Majilio, zinazotangulia Noeli. Zamani, kula siagi katika wiki hizohizo kulihesabiwa dhambi.

Kanisa la Magharibi katika Zama za Kati liliyafanya Majilio kuwa kipindi cha kufunga, na sehemu nyingi zilikataza nyama pamoja na maziwa, siagi na mayai. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza sababu: mfungo umewekwa ili kutiisha tamaa za mwili, na vyakula hivyo vinatokana na wanyama walewale ambao nyama yao imekatazwa. Hata hivyo alikiri kwamba, nje ya Kwaresima, katazo la maziwa na mayai hutofautiana kwa desturi za watu, na kila mtu afuate desturi ya mahali anapoishi. Kukiri huko kuna uzito zaidi kuliko kunavyoonekana. Mafuta ya zeituni yaliruhusiwa, na mzeituni hauoti Saksonia, Ujerumani. Sheria ambayo Mwitalia aliitimiza bila kubadili chungu chake ilimwacha mtu wa kaskazini na mafuta ya mbegu yasiyo na ladha, au ya kununua kutoka mbali.

Ndipo watawala wa Saksonia walipoomba ruhusa Roma. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII aliwapa hati iliyokuja kujulikana kama Barua ya Siagi: siagi iliruhusiwa, kwa sharti la kutoa fedha, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwenye ujenzi wa kanisa kuu la Freiberg. Huko Rouen, Ufaransa, mmoja wa minara ya kanisa kuu bado unaitwa Mnara wa Siagi, kwa kuwa unasemekana kujengwa kwa sadaka za namna hiyo. Mwaka 1520 Martin Luther aliishambulia biashara hii waziwazi. Kama kula siagi ni dhambi, fedha haiwezi kuihalalisha. Kama si dhambi, kinachouzwa ni nini? Watetezi wa Kanisa walikuwa na jibu, nalo si la kubezwa: mfungo huu ni amri ya Kanisa, si ya maumbile, na aliyeweka amri anaweza kuilegeza na kudai tendo jingine jema badala yake, kama vile sadaka. Udhaifu wa jibu hilo ni kwamba mbadala wenyewe ulikuwa mwepesi kwa tajiri, na maskini asiyekuwa na siagi wala fedha hakuguswa na katazo wala na ruhusa.

Waprotestanti walirudi kwa Mtume Paulo, anayefundisha kwamba chakula hakimsogezi mtu karibu na Mungu wala hakimtengi naye. Hoja hiyo ilimwondolea mlaji hatia, lakini haikusema sikukuu itatofautianaje na siku nyingine. Leo biskuti huanza kuliwa mwanzoni mwa Desemba, na Noeli yenyewe ikifika huwakuta wengi wameshakinai. Wagiriki wa Kiorthodoksi wamehifadhi mpaka kati ya mfungo na sikukuu ndani ya mafuta yenyewe. Biskuti zao ziitwazo melomakarona hukandwa kwa mafuta ya zeituni, kwa hiyo haziingizi siagi katika mfungo unaoanza tarehe 15 Novemba. Zile ziitwazo kourabiedes, zenye siagi tele na sukari ya unga juu, kwa desturi husubiri hadi Noeli.

Uislamu uliliweka suala hili mahali pengine kabisa. Ramadhani haikatazi chakula halali kwa aina yake. Inakataza saa za kukila, na siku ya Idi kufunga ndiko haramu. Vileja vya samli vya pwani ya Afrika Mashariki vinaweza kuliwa usiku wowote wa Ramadhani bila kosa, kwa hiyo si samli inayoifanya Idi kuwa Idi. Na lile swali la maskini, ambalo Barua ya Siagi ililiruka, limejibiwa kabla ya sala ya Idi: zakatulfitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba ya mwenye uwezo, hutolewa watu hawajaenda kuswali, ili asiye nacho naye apate cha kula siku hiyo.