Nani Anahukumu Nia ya Ndoa?

Mwanamume wa Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, ambaye mkewe anaishi Minneapolis, akitaka kwenda kumwona kwa wiki chache tu, hufika kwenye dirisha la ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, akiwa na kesi ambayo tayari imemwelemea. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamhesabu kila anayeomba visa ya matembezi kuwa mtu anayekusudia kuhamia, hadi yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba atarudi kwao. Afisa halazimiki kuthibitisha lolote. Basi mwombaji huleta anachoweza: hati ya kiwanja, leseni ya duka, taarifa za benki, barua ya shule wanakosoma watoto. Kisha huulizwa anakwenda kumwona nani, na jibu la kweli, kwamba ni mke wake, ndilo linaloharibu yote yaliyotangulia. Nani ana mke ng'ambo asitamani kubaki naye? Hata akipewa visa, yuko afisa wa pili anayemngoja uwanja wa ndege atakaposhuka, mwenye mamlaka ya kumweka chumba cha pembeni, kuifungua simu yake, kusoma jumbe alizoandikiana na mkewe, na kumrudisha alikotoka.

Mtu huyo huyo akibadilisha fomu, akaomba kuhamia kama mume, mashtaka yanageuka. Sasa anashukiwa kwamba hampendi mkewe vya kutosha. Tangu sheria ya 1986 dhidi ya ndoa za udanganyifu, mwenye ndoa isiyotimiza miaka 2 huingia Marekani kwa ukaazi wa masharti, na wenzi wanaotiliwa shaka wanaweza kutenganishwa, kila mmoja chumba chake, wakaulizwa maswali yaleyale ili majibu yao yalinganishwe: nani hulala upande gani wa kitanda, nani aliamka kwanza leo, chai ilipikwa na nani. Kwenye dirisha la kwanza alitakiwa aonyeshe kwamba anaweza kumwacha mkewe na kurudi nyumbani bila tabu. Kwenye la pili anatakiwa aonyeshe kwamba hawezi kuishi bila yeye. Ndoa ni ile ile moja, na hakuna mume mkweli anayeweza kuyajibu madirisha yote mawili bila kujikana katika mojawapo.

Ninachodai ni hiki: dola ina haki ya kumhoji anayeingia, lakini haina haki ya kuihukumu ndoa kwa yale yaliyofichika moyoni, na zaidi haina haki ya kuigeuza hamu ya mtu kuwa na mwenzi wake iwe ushahidi wa uovu. Dai hili halitegemei ukarimu wa mataifa tajiri. Linategemea swali la kale ambalo dini na falsafa zimelihangaikia: binadamu anaweza kujua nini kuhusu nia ya binadamu mwenzake, na akishindwa kujua, hasara ya kutojua huko imwangukie nani?

Tuanze na ndoa zenyewe zilivyo hapa. Bulla Pesa ni mtaa wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na wengine, na nyingi ya ndoa zake ni za Kiislamu. Nikahi hufungwa baina ya walii na bwana harusi, mbele ya mashahidi wawili, na ridhaa ya bibi harusi huwa imetangulia. Mara nyingi bibi harusi hayupo mkekani. Yuko upande wa wanawake. Afisa anayetaka albamu ya harusi huletewa picha za wanaume watupu wameketi mbele ya sheikh, na hapo hapo hushuku. Tena, mmoja wao akiwa majuu, nikahi hufungwa kwa wakili, jambo ambalo fiqhi inalikubali bila wasiwasi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwepo pamoja ilipofungwa, isipokuwa iwe imekamilishwa baadaye kwa kukutana kimwili. Maana yake ni kwamba lazima wakutane ndipo wahesabiwe kuwa mume na mke. Lakini akiomba visa ya kwenda kukutana na mkewe, ndoa hiyo hiyo isiyotambuliwa hutumika kumshuku kwamba hatarudi. Mwenye pasipoti na nauli anaweza kurudi Kenya wakutane hapa. Aliyeko kule kama mkimbizi, ambaye hati zake bado hazijakamilika, hana njia hiyo.

Katika historia ya Uislamu lipo tukio linalokaribia sana jambo hili. Baada ya mkataba wa Hudaybiya mwaka 628, Waislamu wa Madina walikuwa wamekubali kuwarudisha Makka watu wanaowakimbilia. Ndipo wakaanza kuja wanawake, akiwemo Umm Kulthum binti Uqba, ambaye ndugu zake wawili walimfuata wakidai arudishwe. Aya ya 10 ya sura al-Mumtahana ikaamuru wanawake hao wajaribiwe, na wakibainika kuwa waumini wasirudishwe, na waume zao wa Makka walipwe mahari waliyotoa. Hayo ni mahojiano ya mpakani kabisa, na yamo ndani ya Qurani, kwa hiyo anayesema kwamba kumhoji mgeni ni dhuluma kwa asili yake hana pa kusimama. Lakini angalia mipaka ya mahojiano yale. Aya yenyewe, kabla ya kutoa hukumu, inasema kwamba anayeijua imani yao ni Mwenyezi Mungu. Wanaohoji wanapewa kazi huku wakikumbushwa kwamba hawana chombo cha kuimaliza.

Msomaji makini atapinga: wafasiri, wakipokea kutoka kwa Ibn Abbas, wanasimulia kwamba wanawake wale waliulizwa nia hasa. Waliapishwa kwamba hawakutoka kwa kuwachukia waume zao, wala kwa kutamani nchi nyingine, wala kwa kutafuta dunia. Ni kweli, na maswali hayo yanafanana mno na ya Gigiri. Tofauti iko katika kinachofuata. Mwanamke alipoapa, kiapo kilimaliza shauri. Hakuna aliyepekua mizigo yake kutafuta dalili za kinyume, wala hakuna aliyesema kwamba kukana kwake kutamani Madina ni ishara ya jinsi anavyoitamani. Neno lake lilikuwa na uzito wa ushahidi. Sheria ya li'an katika sura an-Nur, yaani viapo vya mume anayemtuhumu mkewe zinaa bila mashahidi na vya mke anayekana, inafuata njia ileile: katika jambo ambalo wenzi wawili peke yao ndio wanaolijua, kiapo huchukua nafasi ya mashahidi, na kadhi hujizuia kuingia mahali asipoweza kuona.

Imamu Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kenya, aliipeleka kanuni hii mbali kuliko wenzake. Katika kitabu chake al-Umm anashikilia kwamba mkataba huhukumiwa kwa dhahiri yake. Anayenunua upanga akikusudia kumuua mtu ananunua kihalali, ingawa kukusudia kuua ni dhambi. Anayeoa huku akiwaza moyoni kwamba hatakaa na mke huyo, ndoa yake inasimama maadamu hakuliweka wazo hilo kuwa sharti. Wamaliki na Wahanbali walimpinga, na Ibn Taymiyya baadaye akawa mkali zaidi akitetea kwamba makusudio huuharibu mkataba. Sidai kwamba Shafi'i alishinda kila upande. Mtu mwenye nia mbovu anaweza kujificha nyuma ya dhahiri, na hilo linaudhi. Lakini Shafi'i aliona jambo ambalo wapinzani wake walilipima kwa wepesi: hakimu akiruhusiwa kuhukumu moyo, atahukumu dhana yake mwenyewe kuhusu moyo huo, na mshtakiwa hatakuwa na utetezi wowote. Uingereza iliishi na kanuni ya kuhukumu moyo namna hiyo hadi Juni 1997. Mume au mke wa kigeni angeweza kukataliwa hata pale ndoa yake ilipokubaliwa kuwa ya kweli, eti kwa sababu shabaha yake kuu ilikuwa kuingia nchini. Na kabla ya hapo, mwaka 1979, ilifichuka kwamba mwanamke wa Kihindi aliyefika Heathrow kuolewa alichunguzwa mwilini na daktari ili ijulikane kama ni bikira. Anayeamini ana haki ya kuuona ukweli ulio ndani ya mtu hakosi siku moja kuutafuta kwa mikono.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba udanganyifu upo. Upo. Mwaka 2008 Wamarekani walifanya majaribio ya DNA jijini Nairobi kwa familia za wakimbizi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, zilizoomba kuungana na jamaa zao. Familia ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitika zilikuwa chini ya asilimia 20, na mpango huo wa kuunganisha familia ukasimamishwa kwa miaka. Takwimu hiyo haifai kufunikwa na wanaoitetea haki ya familia. Ndani yake wamo walioacha kupimwa, na wamo watoto wa ndugu marehemu waliolelewa kama wa kuzaa, ambao kaskazini mwa Kenya hakuna anayewaita kwa jina jingine ila mwanangu. Lakini wamo pia waliouza nafasi. Hata hivyo ona jaribio lile lilipima nini. Lilipima damu, kitu cha dhahiri, chenye jibu. Ndoa nayo ina dhahiri yake: mashahidi, mahari, cheti kutoka kwa msajili, watoto, fedha zinazotumwa kila mwezi, miaka ya simu. Dola na ichunguze hayo kwa ukali inaotaka, na anayeghushi cheti aadhibiwe. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale dhahiri yote inapokuwa salama na bado mtu anakataliwa kwa kile anachodhaniwa kukitamani.

Kuna hasara nyingine ambayo hesabu za udanganyifu haziioni. Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote wana kisa cha Ibrahimu akiingia nchi ya mtawala dhalimu pamoja na Sara, na kwa kuhofia kuuawa kwa ajili ya mkewe akasema kwamba ni dada yake. Wanazuoni wamepata taabu kumtetea. Waislamu husema alimaanisha dada katika imani. Kwangu lililo zito ni hali iliyomzunguka: mpaka ambapo kuitaja ndoa ni hatari humfanya hata mtume aifiche. Mume wa Bulla Pesa hahofii upanga, lakini anajua kwamba akisema anakwenda kumwona binamu ana nafasi nzuri kuliko akisema anakwenda kumwona mkewe. Na akisema uongo huo, uongo wenyewe utakuwa sababu halali ya kumfungia mlango maisha yake yote. Utaratibu unaomwadhibu mkweli kwanza hauna haki ya kushangaa ukikutana na waongo wengi.

Wengine watasema kuingia nchi ya watu ni hisani, na mwenye hisani hadaiwi sababu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikaribia kusema hivyo Juni 2024 katika kesi ya Department of State dhidi ya Muñoz, ilipoamua kwamba raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya mwenzi wake wa kigeni kuruhusiwa kuingia. Kama kauli ya sheria ya nchi ile, sina la kubishana nayo. Lakini mfikiri kama Immanuel Kant, aliyekubali mwaka 1795 kwamba mgeni hana haki ya kuhamia kwa watu, alimwachia haki ya kuzuru bila kutendewa kama adui. Na anayeomba kumzuru mkewe anaomba kidogo kuliko mgeni wa Kant, kwa kuwa yuko mwenyeji anayemwita kwa haki.

Wala hatuwezi kuyasema haya kama kwamba milango yetu ni safi. Isiolo ilikuwa lango la NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya enzi za ukoloni, na chini ya sheria ya Special Districts ya 1934 watu wa huku walihitaji kibali kutoka wilaya hadi wilaya. Wasomali wa Kenya walisajiliwa upya mwaka 1989 na kupewa kadi za rangi ya waridi. Kwa miaka mingi kijana wa mpakani alihojiwa na kamati ya wazee kuhusu babu wa babu yake ndipo apate kitambulisho, hadi tangazo la rais la Februari 2025 la kuukomesha uhakiki huo. Kabla ya Katiba ya 2010, mwanamke Mkenya aliyeolewa na mwanamume wa ng'ambo ya Moyale hakuweza kumpatia mumewe uraia, ilhali kaka yake aliyeoa kule aliweza. Leo wote wawili wana njia baada ya miaka 7 ya ndoa, na sheria yetu ya 2011 nayo inataka ndoa isiwe imefungwa kwa ajili ya kupata uraia. Yale ninayoyadai kwa Gigiri nayadai pia kwa Nyayo House, ofisi ya uhamiaji yetu wenyewe.

Anayeachwa nje ya mahojiano yote haya ni mke. Yeye ndiye anayenyimwa, na katika visa ya matembezi hakuna anayelazimika kumsikiliza. Wanahistoria wa Kiislamu wanapokea kwamba khalifa Umar, akipita usiku Madina, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke kwa kuwa mumewe yuko vitani. Akamuuliza binti yake Hafsa mwanamke anaweza kustahimili muda gani bila mumewe. Akaambiwa miezi minne, na katika mapokezi mengine sita. Umar akaweka kikomo hicho kwa askari wake. Ile ilikuwa dola yenye mipaka na maadui, na ilikuwa na sababu zote za kudai kwamba usalama unatangulia. Bado ilihesabu kutengana kwa wenzi kuwa gharama inayotakiwa kuwa na mwisho. Dola za leo zinaweza kufanya vivyo hivyo bila kufungua mipaka ovyo: zithibitishe ndoa kwa hati na mashahidi, zipokee kiapo cha kurudi pamoja na dhamana ya fedha ikibidi, zimsikilize mwenyeji, na zikikataa ziandike sababu ambayo mtu anaweza kuijibu, ndani ya miezi inayohesabika.