Mkate na Maji kwa Msafiri

JUMANNE

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Mungu alimtendea Eliya nini kabla ya kumwuliza anafanya nini pale pangoni? Utaratibu huo unatufundisha nini?

Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli. Alipiga mbio mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli, akamkimbia Yezebeli hadi Beer-sheba, kisha akaingia jangwani mwendo wa siku moja. Chini ya mretemu aliomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika amwamshe ale mkate na kunywa maji. Akalala tena, akalishwa mara ya pili, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilizidi nguvu zake. Swali lilikuja baadaye, Horebu. Nabii aliyevunjika moyo alikuwa pia na njaa, kiu na usingizi, na Mungu hakudharau mahitaji hayo.

Watu wengi wa Mungu leo wanatafuta riziki barabarani. Ukitoka Tanga kuelekea Mombasa, baada ya kilometa 65 hivi unafika Horohoro, wilayani Mkinga. Ng'ambo ya mpaka ni Lunga Lunga. Hapo utawakuta madereva wa malori na utingo wao, mawakala wa forodha na wafanyabiashara. Mfikirie mmoja wao, mshiriki wa kanisa, ambaye kwa juma hulala nyumbani siku mbili tu. Asubuhi ni soda na maandazi. Mchana ni chipsi mayai, kwa kuwa ndiyo iliyo tayari. Maji anayaogopa, asije akalazimika kusimama njiani. Akingoja nyaraka zipite, huketi ndani ya gari. Usiku, wengine wanapotafuna mirungi, yeye hununua kinywaji cha kuongeza nguvu. Hanywi pombe wala havuti sigara, na anajiona salama. Lakini shinikizo la damu laweza kupanda kimyakimya, na usiku mmoja macho yanaweza kufumba akiwa kwenye usukani. Hapo maisha yaliyo hatarini si yake peke yake. Kuna basi linalokuja mbele yake, na abiria wake wamelala.

Soma Danieli 1:8–16 na 1 Wakorintho 6:19, 20. Danieli alichukua hatua gani, na kwa roho gani, alipokuwa mbali na nyumbani?

Danieli aliamua moyoni kabla sahani haijawekwa mbele yake. Aliomba kwa heshima, bila kugombana na mtu. Tena aliomba jambo linaloweza kupimwa: siku kumi. Msafiri naye aweza kufanya hivyo. Kabla ya kuondoka, aweke garini maji ya kutosha, ndizi, karanga, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, na machungwa ya Muheza yakiwa msimu. Kwa mama ntilie, aombe maharage na mchicha au matembele, apunguziwe mafuta, wala asiongeze chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa juma. Kutembea kwa kasi dakika 30 mpakani wakati wa kungoja, siku tano, kunatimiza hesabu hiyo. Mwenye dawa za kisukari au shinikizo asafiri nazo, naye asibadili kipimo bila daktari. Na dawa ya usingizi ni kulala. Egesha gari mahali salama, ulale. Tajiri na asubiri.

Mambo haya hayatununulii wokovu; Kristo ameshaulipia. Lakini mwili alioununua kwa damu yake haurudi kuwa mali ya mwajiri tunapopanda lori.

Soma 3 Yohana 2, 5–8. Yohana anamwombea Gayo afya njema. Kisha, katika barua hiyohiyo, anamsifu kwa kuwasaidia ndugu walio safarini, hata wageni. Mara nyingi tunasoma fungu la pili na kuishia hapo. Malaika hakumpa Eliya ushauri mtupu kuhusu chakula; alimletea mkate na chombo cha maji. Dereva anayefika mji wa mpakani Ijumaa jioni anahitaji mahali pa kuegesha, pa kulala, na sahani ya chakula cha nyumbani.

Je, ni mshiriki gani wa darasa lenu ambaye kiti chake huwa kitupu kwa sababu ya safari za kazi? Juma hili darasa lenu linaweza kumwekea nini mkononi kabla hajaondoka, na nani atampigia simu akiwa njiani?