Thamani ya makali

Ekicholong, kigoda cha Mturkana ambacho pia ni mto wa kulalia, huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Hakina msumari wala gundi, kwa hiyo kila pigo la tezo linaonekana. Ndiyo maana fundi wa Lodwar anayetamani randa au patasi ya bei ghali hatamani anasa. Chuma kizuri, kilichokomazwa vyema kwa moto, hushika makali. Chuma laini kikikutana na mti mgumu kama mathenge, uliojaa kando ya mto Turkwel, hujikunja ncha na kurarua nyuzi za ubao. Randa kali hutoa maranda membamba yaliyojiviringa, na ubao ukabaki laini hata kabla ya msasa.

Wapo watakaosema kwamba wazee walichonga vizuri kwa vyuma vya kawaida. Kweli, lakini waliketi kunoa mara kwa mara, na muda wa kunoa si wa kuchonga. Pingamizi zito zaidi ni la Kakuma, kambi ya wakimbizi tangu 1992, ambako pesa ya patasi hushindana na ya unga. Basi mafundi watatu wachange wanunue moja iliyo bora, watumie kwa zamu.