Kusamehe si lazima kurudi nyumbani

Kila Desemba, shule zikifungwa, wapo wasichana wa Tarime na Serengeti wanaotoroka kwao. Wanamkimbia ngariba. Wengine hupokelewa kituo cha Masanga, Tarime, wengine Nyumba Salama ya Mugumu, kwa akina Rhobi Samwelly. Miaka inayogawanyika kwa mbili ndiyo mibaya zaidi, maana ndiyo koo nyingi za Wakurya hukeketa.

Msimu ukiisha linabaki swali ambalo sheria haiwezi kulijibu. Chukulia binti wa miaka 13. Aliyetaka akeketwe ni baba yake mzazi, na ng'ombe wa mahari wameshapigiwa hesabu. Binti ni Mkristo. Kila jioni anasali Baba Yetu, na pale penye kusameheana hawezi kuparuka. Afanyeje?

Jibu la haraka tunalijua: samehe, rudi nyumbani, mzazi ni mzazi. Mimi naona hapo tunachanganya mambo mawili. Kusamehe ni kuacha kumdai mtu kisasi. Hilo binti anaweza kulifanya akiwa peke yake kitandani, hata kama baba hajaomba radhi. Kurudi ni kumwamini tena, na hilo haliwezi mtu mmoja. Lazima na baba abadilike.

Tumsome Yusufu vizuri. Ndugu zake walimuuza, kisha njaa ikawafikisha Misri mbele yake. Chakula aliwapa safari ile ile ya kwanza, na fedha zao akawarudishia kimyakimya kwenye magunia. Lakini hakujitambulisha. Alimfunga Simeoni, akataka Benyamini aletwe, akaagiza kikombe kifichwe kwenye gunia la huyo mdogo, aone kama watamtelekeza kama walivyomfanyia yeye. Yuda alipojitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake, hapo ndipo Yusufu akaangua kilio. Wema ulitangulia, kuaminiana kulisubiri ushahidi.

Kwenye nyumba hizi wazazi huitwa, wakazungumzishwa, wakatakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba hawatamkeketa binti. Wapo wanaosaini na binti akarudi. Wapo wanaokataa, binti akabaki. Kuna watakaosema karatasi ya kusaini kati ya baba na mwanawe ni aibu kwa familia ya Kikristo. Kwangu mimi, karatasi ile inafanya kazi ya kikombe cha Yusufu.

Sasa, hasira ya binti si dhambi. Ndiyo iliyompa miguu ya kukimbia. Shida ni ikikaa hadi ikawa kinyongo, na Tarime, ambako koo zimepigania ng'ombe na ardhi miaka na miaka, watu wanajua kinyongo kinavyorithiwa na watoto ambao hawakuwepo ugomvi ulipoanza. Rhobi mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13, nusura afe kwa kutokwa damu. Leo sehemu ya kazi yake ni kukaa kitako na wazazi wa aina ile ile na kuzungumza nao. Hajasahau, na bado mlango wa Nyumba Salama anaufunga usiku.

Kwa hiyo, wachungaji na mapadre wetu, mkimkuta binti wa namna hii, msianze na yeye. Anzeni na baba: muulizeni amebadilika nini. Msamaha binti atautoa kwa wakati wake, na akiutoa, asilazimishwe kuuthibitisha kwa kulala tena nyumba aliyoikimbia.