Mlima Una Mita, Bendi Ina Nini?

Je, mtu anaweza kusema kwa haki kwamba bendi fulani ni bora kuliko nyingine zote za wakati wote? Swali hili huonekana la mchezo, la kupitishia muda bwenini umeme unapokatika. Lakini ndani yake mna maswali mawili mazito. La kwanza ni la ujuzi: je, ubora wa sanaa unaweza kujulikana, au kila mtu ana lake? La pili ni la maadili: je, anayepanga orodha ana deni lolote kwa wale anaowapanga, na kwa wale anaowaacha nje? Nitayajadili kwa kutumia muziki ambao wenzangu wengi darasani huuita kelele tupu, yaani panki kali.

Panki kali ilizuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasa Washington na kusini mwa California. Vijana waliichukua panki ya kawaida wakaiongezea kasi, wakaufupisha wimbo, na mwimbaji akawa anapaza sauti badala ya kuimba. Wimbo wa dakika moja si ajabu kwao. Majina yanayojirudia katika orodha nyingi ni Bad Brains, Minor Threat, Black Flag na Dead Kennedys. Mimi niliupata muziki huu kupitia simu, nikiwa nimetoka katika wilaya ambako redio ya jirani hupiga rumba ya Kongo, nchi iliyo ng'ambo tu ya mpaka wa Mpondwe. Kila orodha niliyoisoma ilikuwa na namba moja yake. Sikupata hata moja iliyoeleza namba hiyo imepimwa kwa kipimo gani.

Hapo ndipo ninapoanzia, kwa sababu kwetu tunazifahamu namba za aina nyingi. Mimi ni mwenyeji wa Nyakalengija, wilayani Kasese, mahali inapoanzia njia ya kupanda Milima ya Rwenzori. Mgeni anayefika huambiwa kwamba kilele cha Margherita kina mita 5,109, na kwamba mlima wetu ni wa tatu kwa urefu barani Afrika, baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895 na Mlima Kenya wenye mita 5,199. Mpangilio huu hauna ubishi. Mzaliwa wa Moshi na mzaliwa wa Nyakalengija wataukubali sawasawa, hata kama wa kwetu atanuna kidogo. Hii ni namba ya kipimo.

Aina ya pili ni namba ya mfuatano. Sisi Wakonzo humpa mtoto jina kulingana na zamu yake ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa pili huitwa Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Ukimsikia mtu akiitwa Kule, unajua wapo kaka waliomtangulia. Lakini hakuna mzazi mwenye akili timamu anayedhani kwamba Kule ana thamani ndogo kuliko Bwambale kwa kuwa namba yake ni kubwa zaidi. Namba hii inasema nani alitangulia, basi.

Aina ya tatu ni namba ya hukumu. Katika mashindano ya muziki, ngoma na maigizo ya shule za Uganda, waamuzi huketi mbele na karatasi, wakatoa alama. Shule moja hurudi nyumbani na kikombe, nyingine hurudi ikilalamika. Alama zile zinafanana na mita kwa sura, kwa kuwa zote ni tarakimu, lakini hazikutokana na kamba wala chombo. Zimetoka katika masikio ya watu watatu au wanne.

Orodha ya bendi bora ni namba ya hukumu iliyovaa nguo za namba ya kipimo. Msomaji anapoona "1, 2, 3" huhisi kwamba kuna kitu kimepimwa. Kwa kweli kuna mtu aliyesikiliza, akapenda, akaamua. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na anayewamba orodha naye hafanyi tofauti.

Baada ya kusema hayo, wengi hukimbilia jibu rahisi: basi kila mtu ana lake, hakuna bora wala duni. Jibu hili silikubali. Mwanafalsafa David Hume wa Uskochi, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kigezo cha ladha, alikiri kwamba watu hutofautiana sana katika kupenda. Hata hivyo alionyesha kwamba kuna tofauti zilizo wazi mno kiasi kwamba anayezikana tunamshangaa, kama tunavyomshangaa mtu anayedai kuwa kifusi cha udongo kilichofukuliwa na fuko kina urefu sawa na mlima wa Tenerife. Nimefurahi kuona kwamba hata yeye alihitaji mlima. Na ana haki. Anayesema kwamba bendi iliyofanya mazoezi wiki mbili ni sawa na Bad Brains haonyeshi unyenyekevu. Anaonyesha tu kwamba hajasikiliza. Kukataa kuhukumu kabisa ni kuwanyima heshima waliojitahidi. Mpiga ngoma aliyeutafuta mdundo wake kwa miaka hapendi kuambiwa kwamba yote ni sawa.

Kwa hiyo kuna bora na kuna duni. Shida ya orodha ya "wakati wote" iko kwingine. Hume aliutegemea muda: kazi inayopendwa kwa vizazi vingi na katika nchi nyingi imethibitisha ubora wake, kama Homer alivyoendelea kupendwa baada ya miaka elfu mbili. Waswahili nao husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini muda ni hakimu anayesikiliza kesi zilizofikishwa mahakamani tu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mfano wake ni kundi la Death. Hili lilikuwa kundi la ndugu watatu weusi wa ukoo wa Hackney, kutoka Detroit: David, Bobby na Dannis. Mwaka 1975 walirekodi nyimbo saba za kasi na hasira, kabla neno panki halijazoeleka. Kampuni ya santuri iliyovutiwa nao ilitaka wabadilishe jina, kwa kuwa nani atanunua santuri ya kundi linaloitwa Kifo? David alikataa. Mwaka 1976 walitoa wenyewe santuri ndogo ya nyimbo mbili, nakala 500 tu, kisha kanda zao zikakaa darini kwa miaka zaidi ya thelathini. Albamu ilitoka mwaka 2009. David alikuwa ameshafariki mwaka 2000. Orodha zote za bendi bora zilizoandikwa katika miaka hiyo zilikuwa na pengo ambalo hakuna aliyeliona. Chema hakikujiuza. Hakikuwa na mahali pa kusimama sokoni.

Kesi hii inatufundisha kwamba orodha ya wakati wote hupanga vitu vilivyohifadhiwa, na uhifadhi una sababu zake: fedha, kampuni, lugha, rangi ya ngozi, bahati. Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2020 kundi la Duma, la Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, lilitoa albamu iliyobeba jina la kundi lenyewe kupitia Nyege Nyege Tapes, kampuni yenye makao Kampala. Muziki wao unachanganya kelele za panki kali na metali pamoja na midundo ya mashine inayokimbia kuliko mkono wa mpigaji. Kampuni hiyo ingekosekana, Nairobi ingekuwa na Death wake, na orodha zingeendelea kuandikwa kwa utulivu uleule.

Kuna pingamizi lingine linalotokana na muziki wenyewe. Panki kali haikukusudia kuwa ngazi. Minor Threat waliimba katika kumbi ndogo, ambako mashabiki walipanda jukwaani na kunyang'anyana kipaza sauti na mwimbaji. Walitoa santuri zao kupitia Dischord, kampuni iliyoanzishwa na vijana wenyewe mwaka 1980. Ukiwapanga watu hawa kwa mauzo, unawapima kwa kipimo walichokikataa. Ni kama kulipima ala letu la endara kwa kuuliza mpigaji bora ni nani. Endara ni marimba makubwa ya Wakonzo ambayo watu kadhaa huyapiga kwa pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Ukimtoa mmoja na kumtuza, umebaki na mbao zenye mapengo ya sauti. Katika mashindano ya shule inawezekana kuwapa kundi zima alama, na hilo ni afadhali. Lakini hata hapo mwamuzi lazima aseme anapima nini: usahihi wa mdundo, uhai wa uchezaji, au ukubwa wa kundi lililofika na basi la kukodi?

Mtu anaweza kunijibu: mwenzetu, unaikuza mno habari ya orodha. Ni burudani tu, na ushindani huamsha vipaji. Nakubali sehemu. Dar es Salaam ilinufaika na ushindani wa Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978 na ambayo mashabiki huiita Sikinde, dhidi ya Msondo Ngoma, ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964. Mashabiki wa pande mbili wamebishana kwa miongo, na kila upande ulilazimika kutunga vizuri zaidi. Lakini tazama ubishi ule ulivyo. Haukuisha, wala haukutaka kuisha. Kila upande uliwajua wapinzani kwa undani, nyimbo kwa nyimbo, kwa sababu huwezi kumshinda mtu usiyemsikiliza. Orodha ya simu hufanya kinyume: humpa msomaji majina kumi na kumwondolea haja ya kutafuta la kumi na moja. Kijana wa Bwera mwenye gitaa la kuazima akisoma orodha hamsini bila kuona hata jina moja la karibu na kwao, haambiwi waziwazi kwamba hafai. Anajifunza mwenyewe.

Msimamo wangu basi ni huu: ni haki kupanga, kwa masharti matatu. Kwanza, mpangaji ataje kipimo chake. Pili, aseme amesikiliza nini, ili msomaji ajue orodha inaishia wapi. Tatu, aache mlango wazi wa kujibiwa, yaani atoe sababu ambazo mwingine anaweza kuzipinga. Anayetimiza masharti haya anatoa ushahidi. Asiyeyatimiza anatoa hukumu bila kesi, na waliokosekana hawana pa kukata rufaa.

Nisiwatwishe wengine mzigo ambao mimi sitaubeba. Kipimo changu ni hiki: bendi iliyofanya makubwa kwa vitu vichache, na iliyomwacha msikilizaji akijua kwamba jambo alilodhani haliwezekani linawezekana. Nimesikiliza albamu kamili za makundi ya Marekani niliyoyataja, pamoja na Death na Duma. Sijaigusa Japani, Brazili wala Ulaya, kwa hiyo "wakati wote" kwangu ni mdogo.

Namba moja nawapa Bad Brains. Walikuwa vijana weusi wa Washington waliotoka katika jazi ya mchanganyiko, wakaingia panki, wakaichanganya na rege. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1982, ilitoka kwa kaseti tu. Wanapiga kwa kasi ya wazimu na hakuna noti inayoanguka. Wa pili ni Minor Threat, waliodumu kuanzia 1980 hadi 1983. Wimbo wao "Straight Edge" hauzidi dakika moja, nao ulilipa jina vuguvugu zima la vijana wanaokataa pombe, tumbaku na dawa za kulevya. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo waragi huuzwa kwa bei ya chini kuliko daftari, dakika hiyo ni nzito. Wa tatu ni Duma, kwa kuwa walionyesha kwamba ghadhabu hii inaweza kutungwa na Wakenya wawili na kutolewa Kampala, bila kuomba ruhusa Washington. Wa nne ni Black Flag, kwa safari zao zisizo na mwisho ndani ya gari bovu na kwa albamu "Damaged" ya mwaka 1981. Death siwapi namba. Wao ni kama mtoto aliyezaliwa kabla familia haijaanza kuhesabu, na kumwita wa tano kungekuwa kumkosea jina.

Mhadhiri au mwanafunzi mwenzangu anayeona Dead Kennedys wameonewa ana haki ya kunidai sababu, nami nitamdai kipimo. Anayejua bendi ya Mbarara, Goma au Mombasa ambayo haijawahi kurekodiwa, na anilete hapo kwanza, kabla hatujaanza kuhesabu.