Asiye na Baba Mdogo

Mtu akiingia Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, akikimbia vita kutoka Djugu, godoro kichwani na watoto nyuma, kila kitu hutegemea anamfahamu nani mjini. Akiwa na shangazi, sombe itaongezwa maji, watoto watabanana mkekani, na hakuna atakayeiita hiyo sadaka. Asipokuwa naye, atalala chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze. Mei 2003, wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu walipougombea mji, hata mashangazi walikuwa mbioni. Maelfu walijazana uwanja wa ndege na kwenye makao ya MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa.

Kongo ilishawahi kuwapokea watu waliookolewa na ukoo. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, wengi wao wa uzao wa waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, walianza kuja Katanga mapema karne ya 20. Kijana alifungua duka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kisha akamwita mdogo wake. Nissim Soriano, baba wa mwanasiasa Moïse Katumbi, alitoka kisiwa hichohicho kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Julai 1944 Wajerumani waliwasomba Wayahudi zaidi ya 1,600 wa Rhodes na kuwapeleka Auschwitz. Walionusurika ni kama 150, na baadhi yao walikuja Kongo kwa sababu tu kaka au mjomba alikuwa nyuma ya kaunta huku. 

Je, kumwokoa ndugu kwanza ni wema au ni upendeleo? Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyekimbia Cordoba na wazazi wake katika karne ya 12, alifundisha kwamba maskini wa ukoo hutangulia maskini wa mji. Tena aliweka juu ya sadaka zote ile inayompa mtu kazi au ubia hadi asimame mwenyewe. Kwa kipimo hicho, duka la Katanga lilishinda gunia la mchele.

Lakini Vita vya Pili vya Dunia viliua koo nzima nzima. Ili kumpokea mhamiaji, Marekani ilidai mtu, mara nyingi ndugu, atie saini kwamba mgeni hatakuwa mzigo kwa serikali. Yatima wa Auschwitz angemtaja nani? Tarehe 22 Desemba 1945 Rais Truman aliruhusu mashirika ya misaada yatie saini hiyo. Shirika likawa baba mdogo wa asiye na baba mdogo.

Huku Ituri, ugumu ni zaidi ya kukosa ndugu. Mgeni mlangoni huenda ni wa kabila linalosemekana lilichoma kijiji cha mwenye nyumba. Mfano wa Msamaria Mwema hauhitaji ufafanuzi Bunia, maana mwokozi wake naye alitoka kwa watu wasioaminiwa. Kumwomba mjane wa Kihema ampokee Mlendu peke yake ni kumtwika mzigo usio wake. Parokia za Kikatoliki na makanisa ya Kiprotestanti ya CECA 20 yana waumini wa pande zote mbili, kwa hiyo ndiyo yanayopaswa kumdhamini mgeni kwa jina lao, kumtafutia chumba, na kumfuata jirani anayenung'unika.